Mafaili 63 na shilingi moja

Mwishoni mwa mwaka 2023, toleo la 11 la PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, lilipofikia ukomo wa kuhudumiwa na watengenezaji wake, tulilazimika kuhamishia hifadhidata ya mfumo ninaousimamia kwenye toleo la 15. Mfumo wenyewe ni wa kawaida: unatunza mikopo midogo, marejesho yake, na kamisheni za mawakala wanaoyakusanya marejesho hayo, na kila mwisho wa mwezi unatoa taarifa ambazo mhasibu huzichapa na kuzitia kwenye jalada. Majaribio yake ya rigresheni, yaani yale yanayothibitisha kwamba kilichokuwa sahihi jana hakijaharibika leo, yamejengwa kwa njia ya zamani na nyepesi. Amri za SQL, yaani lugha ya kuiuliza hifadhidata, huendeshwa kwa psql, programu ndogo inayozipeleka kwa PostgreSQL na kuchapa majibu; matokeo huandikwa kwenye faili, kisha programu ya diff hulilinganisha faili hilo na jingine tulilolihifadhi kama matokeo yanayotarajiwa. Yakifanana herufi kwa herufi, jaribio limefaulu. Njia hii tuliiga kwa PostgreSQL yenyewe, ambayo ndani ya msimbo wake ina saraka ya src/test/regress yenye amri upande mmoja, majibu yanayotarajiwa upande wa pili, na faili liitwalo regression.diffs ambamo kila tofauti humiminwa.

Tulipoendesha majaribio kwenye seva mpya kwa mara ya kwanza, mafaili 63 kati ya 140 yalianguka.

Sababu haikuwa siri kwa yeyote aliyesoma maelezo ya matoleo. Hadi toleo la 11, namba za aina ya float8, yaani desimali ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio, zilichapwa kwa tarakimu 15 zenye maana, na zilizobaki zilikatwa bila mtu kuambiwa. Toleo la 12, lililotoka tarehe 3 Oktoba 2019, lilibadilisha thamani ya kawaida ya mpangilio uitwao extra_float_digits kutoka 0 hadi 1, na tangu hapo namba huchapwa kwa tarakimu chache kadiri inavyowezekana, mradi ukizisoma upya upate namba ileile iliyomo kwenye kumbukumbu bila kupungua hata biti moja. Kazi hiyo hufanywa kwa algoriti ya Ulf Adams iitwayo Ryu. Ndiyo maana jumla ya 0.1 na 0.2, ambayo zamani ilionekana kuwa 0.3, sasa inajitokeza kama 0.30000000000000004. Hesabu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba hifadhidata imeacha kutusitiri.

PostgreSQL si ya kwanza wala ya mwisho kuwatia watu katika hali hii. Lugha ya programu ya Python, toleo la 3.1, ilipoanza kuonyesha 0.1 badala ya 0.10000000000000001, na maktaba yake ya hesabu, NumPy 1.14, ilipoondoa mnamo Januari 2018 ile nafasi tupu iliyokuwa ikiachwa mbele ya namba kwa ajili ya alama ya kutoa, mifano mingi iliyoandikwa ndani ya nyaraka na kuendeshwa kama majaribio ilianguka ingawa hakuna hesabu iliyokosewa. Watu wa NumPy walikuwa na busara ya kuacha mlango wa nyuma, yaani set_printoptions yenye legacy='1.13', ili anayetaka sura ya zamani aipate. Nitaurudia mlango wa namna hiyo baada ya muda mfupi, kwa sababu ndio uliotuokoa.

Mwenzangu aliyepewa kazi ya kurekebisha alifanya jambo ambalo hata mimi ningelifanya: alisema fedha hazipaswi kuhifadhiwa kwa float8 tangu mwanzo, akageuza safu zote za fedha kuwa numeric, aina inayohifadhi desimali kamili bila makadirio, akaendesha majaribio upya, akanakili matokeo mapya juu ya yale yaliyotarajiwa, kisha akaniletea nikague. Ujumbe wake ulikuwa wa maneno matatu: mabadiliko ya mwonekano. Tofauti zilizidi mistari 4,000.

Mtu asiyeifahamu psql huenda akashangaa jinsi safu chache zilivyozaa mistari yote hiyo. Katika umbo lake la kawaida la jedwali, psql hupima thamani ndefu kuliko zote katika kila safu, ikapanua safu nzima kwa kipimo hicho, ikaweka kichwa cha safu katikati, na kuvuta vistari chini yake. Thamani moja ikirefuka, kichwa husogea, vistari huongezeka, na kila mstari wa jedwali hupata nafasi tupu mpya, hata ule ambao thamani yake haikuguswa. Kugawanya kwa numeric nako kuna tabia yake: hutoa tarakimu nyingi baada ya nukta ili kulinda usahihi, kwa hiyo nusu ya 4225, ambayo katika float8 ni 2112.5, katika numeric hutoka ikiwa imeburuta masifuri 15. Hiki hapa kipande cha taarifa ya kamisheni kabla ya badiliko:

```
 wakala | kamisheni |  nusu  | fungu 
--------+-----------+--------+-------
 W-07   |      4225 | 2112.5 |  2112
 W-11   |      4227 | 2113.5 |  2114
```

Na hiki ni kilekile baada yake:

```
 wakala | kamisheni |         nusu          | fungu 
--------+-----------+-----------------------+-------
 W-07   |      4225 | 2112.5000000000000000 |  2113
 W-11   |      4227 | 2113.5000000000000000 |  2114
```

Ukiyaona mawili haya yamewekwa pamoja, mafupi hivi, huenda jicho lako limekwisha kulikuta jambo lenyewe. Mimi sikuwa na bahati hiyo. Nilikuwa na kurasa za rangi nyekundu na kijani zinazofuatana, kila mstari umebadilika, na masifuri yamejaa kila mahali. Na ninakiri kwamba baada ya kurasa kama 30 nilikuwa sisomi tena bali ninatazama rangi. Hapo ndipo ukaguzi unapogeuka kuwa kununua mbuzi kwenye gunia. Unaona gunia linatikisika kwa namna unayoitarajia, unaamini kilichomo ni mbuzi, unatia saini.

Niliacha kusoma nikamwandikia mwenzangu kwamba sitalikubali badiliko hilo hadi litenganishwe. Sikuwa nimegundua kosa lolote bado. Sababu yangu ilikuwa kwamba sentensi "ni mwonekano tu" ni dai, na dai la namna hiyo lina uzuri mmoja ambao madai mengi ya waandishi wa programu hayana: linaweza kuthibitishwa kwa mashine. Ikiwa kweli ni sura peke yake iliyobadilika, basi pana njia ya kuyachukua matokeo ya zamani, kuyatia badiliko hilo la sura, na kupata matokeo mapya bila kubaki hata herufi moja. Kikibaki kitu, si sura.

Tulianza na mlango wa nyuma. Tulirudisha msimbo wa zamani, wenye float8, tukauendesha kwenye seva mpya huku tukiwa tumeweka extra_float_digits kuwa 0 kupitia PGOPTIONS, kigeu kinachobeba mipangilio ya kipindi, ili toleo la 15 lichape namba kama toleo la 11. Kama kuhama kwa toleo hakukuleta jingine lolote, mafaili yote 140 yangefaulu. Yalifaulu 138.

Yale mawili yaliyobaki hayakuhusu namba hata kidogo. Orodha za mawakala zilikuwa zimebadilika mpangilio: namba ya wakala yenye kistari, ambayo zamani ilipangwa kama vile kistari hakipo, sasa ilitangulia. Pamoja na hifadhidata tulikuwa tumebadilisha pia mfumo endeshi wa seva, na glibc, maktaba ya msingi ambayo programu za Linux huitegemea, kuanzia toleo lake la 2.28 la mwaka 2018, ilibadilisha kanuni za kupanga maneno, hivi kwamba 11 iliyokuwa ikitangulia 1-1 sasa huifuata. Jambo hili lilikuwa zito kuliko lile tulilokuwa tukilitafuta. Faharasa za maandishi (orodha ambazo hifadhidata hutumia kutafuta haraka) zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani na kusomwa kwa mpangilio mpya zinaweza kukosa mistari iliyopo, au kuruhusu mistari miwili mahali palipotakiwa mmoja, na dawa yake ni kuzijenga upya kwa REINDEX. Sisi tulikuwa tumehamisha data kwa kuimwaga na kuipakia upya, hivyo faharasa zilikuwa zimejengwa hapohapo kwenye seva mpya na hatukuwa na la kuogopa. Lakini ninataka msomaji atambue kwamba katika ile mistari 4,000, mabadiliko haya ya mpangilio yalikuwemo, yamekaa kimya, yamevaa nguo za masifuri kama wenzake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiondoa ile sifuri ya extra_float_digits na kuliacha toleo jipya lichape linavyotaka, bado kwa msimbo wa zamani. Tuliandika skripti fupi inayosoma kila namba katika matokeo mapya, kuichapa kwa tarakimu 15 zenye maana, na kuilinganisha na ya zamani. Hapakubaki kitu. Nusu ya mafaili ikawa imethibitishwa bila mtu kukodoa macho.

Ndipo tukaleta numeric peke yake. Skripti ya pili iliondoa masifuri ya mwisho baada ya nukta, ikabana nafasi tupu zinazofuatana ziwe moja, ikafuta mistari ya vistari, kisha ikalinganisha. Kutoka maelfu ya mistari ilibaki 17, yote katika taarifa ya kamisheni, yote katika safu ya fungu, na yote ikiwa imeongezeka shilingi moja kamili. Mistari 17 mtu anaisoma akiwa amesimama.

Kamisheni hugawanywa nusu kwa nusu kati ya wakala na ofisi, na kila nusu hukadiriwa hadi shilingi nzima iliyo karibu, ambayo ndiyo fungu, kwa kitendakazi kiitwacho round. Tatizo ni kwamba PostgreSQL ina round mbili zenye jina moja. Ile ya numeric, ikikuta nusu kamili, huisogeza mbali na sifuri, kwa hiyo 2112.5 huwa 2113. Ile ya float8 hufuata desturi ya mashine, na katika mashine nyingi desturi hiyo ni kuisogeza nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo 2112.5 huwa 2112 ilhali 2113.5 huwa 2114. Ndiyo sababu wakala W-07 alibadilika na W-11 hakubadilika, na ndiyo sababu kosa hili ni gumu kulikamata kwa kuchungulia mistari michache: ukiangukia mstari wa W-11 kama sampuli, utaridhika kabisa. Kamisheni shufwa hazina nusu, kwa hiyo haziguswi. Kati ya kamisheni witiri, ni zile tu ambazo nusu yake ilikuwa ikishuka kwenye namba shufwa ndizo zinazohama.

Hapa mwenzangu alipendekeza turudishe tabia ya zamani, na kwa mtazamo wa majaribio ya rigresheni alikuwa na hoja, kwa kuwa kazi ya majaribio hayo ni kulinda kilichokuwepo. Ila nilipozijumlisha zile nusu mbili, niliona kwamba kilichokuwepo hakikuwa sahihi pia. Shilingi 4225 iligawanywa kuwa 2112 na 2112, ikapotea shilingi moja. Shilingi 4227 iligawanywa kuwa 2114 na 2114, ikazaliwa shilingi moja isiyo na mzazi. Faili la matokeo yanayotarajiwa lilikuwa likithibitisha kosa hilo kila usiku kwa miaka, nasi tukifurahia rangi ya kijani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimpigia mhasibu, mama mtu mzima aliyekuwepo ofisini kabla ya mfumo wenyewe, nikamuuliza kwa tahadhari kama amewahi kuona tofauti ndogo katika hesabu za kamisheni.

"Mwanangu, hizo shilingi nazijua," alinijibu. "Mwezi huu zinapungua mbili, mwezi ujao zinazidi tatu. Nimeziwekea mstari wake kwenye kitabu, zinakatana zenyewe."

"Na kama kuanzia sasa zingekuwa zinazidi tu, Mama, kila mwezi, bila kupungua?"

Alinyamaza kidogo. "Hapo ningekuja kukuuliza unampa nani hela."

Jibu lake lilieleza tofauti ya zile round mbili vizuri kuliko nyaraka. Kusogeza nusu kwenye namba shufwa hukosea huku na huku, na makosa hufutana kadiri mistari inavyoongezeka. Kusogeza nusu mbali na sifuri, pale ambapo pande zote mbili za mgawo zinakadiriwa, hukosea upande mmoja daima, na makosa hayo hujikusanya kibaba kwa kibaba. Badiliko lililoletwa kwa jina la mwonekano lingegeuza kosa linalojifuta kuwa kosa linalolimbikizwa, na lingepita kwa saini yangu.

Tuliamua kwamba fungu la wakala litakadiriwa kwa numeric, na fungu la ofisi litakuwa kamisheni yote ikitolewa fungu la wakala, ili jumla isipotee kamwe. Badiliko hilo tuliliandika peke yake, likiwa na jaribio lake linalokagua kwamba mafungu mawili yanajumlika kuwa kamisheni yenyewe, na matokeo yake yaliyobadilika, mistari michache tu, yakasomwa mmoja mmoja na watu wawili pamoja na mhasibu. Badiliko la kuhamia numeric likaenda katika komiti nyingine (commit, yaani kifurushi kimoja cha mabadiliko ya msimbo), na lile la mpangilio wa majina katika komiti ya tatu. Mpangilio huu wa kutenga ndio ninaousisitiza sasa kwa kila anayeniletea mafaili ya matokeo yaliyobadilika: komiti ya sura isiwe na kitu kingine ndani yake, na ije na skripti iliyoithibitisha. Skripti hiyo haihitaji kuwa nzuri. Itatumika mara moja na kutupwa. Lakini mkaguzi anaweza kuisoma kwa dakika tano, jambo asiloweza kulifanya kwa mistari 4,000.

Wapo wanaotatua tatizo hili kwa kuifanya diff isione vizuri. Kwa miaka mingi chombo cha majaribio cha PostgreSQL kiliita diff kwa alama ya -w, inayopuuza nafasi zote tupu, kabla ya kuiacha. Ninaielewa tamaa hiyo, na wakati wa kusoma ninaitumia mwenyewe, kwa kuwa inapunguza kelele hadi mstari mmoja wa vistari kwa kila jedwali. Ila kuitumia wakati wa kusoma ni jambo moja, na kuiruhusu iamue kama jaribio limefaulu ni jingine. Mbele ya -w, "malipo ya mkopo" na "malipoya mkopo" ni kitu kimoja. Ninaiogopa zaidi ile desturi ya vyombo vya majaribio vinavyokuwezesha kukubali kila kitu kwa herufi moja, kama Jest, chombo cha majaribio ya JavaScript, na -u yake. Si kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu kidole huizoea upesi kuliko jicho linavyozoea kusoma.

Wapo pia wanaosema kwamba majaribio yasishike kabisa sura ya matokeo, yashike thamani tu. Ninakubaliana nao kwa sehemu. Majaribio ya jiometri ya PostgreSQL yenyewe hupunguza extra_float_digits hadi -3 ili tofauti za tarakimu za mwisho kati ya mashine na mashine zisiwasumbue, na huo ni uamuzi wa mtu anayejua anachopima. Lakini sura nayo wakati mwingine ni ahadi. Tuliwahi kugundua, kwa njia isiyopendeza, kwamba ofisi moja tunayoipelekea taarifa ilikuwa ikizisoma kwa programu inayokata kila mstari kwa kuhesabu nafasi kutoka kushoto. Kwao, kupanuka kwa safu moja ni kuharibika kwa taarifa nzima.

Kwa hiyo tuliyagawa majaribio. Mengi sasa huendeshwa kwa psql --csv, umbo linalotenga thamani kwa mkato na ambalo, kwa bahati, liliingia katika toleo lilelile la 12 lililotuvuruga, na ambalo ndani yake thamani ikirefuka mstari wake tu ndio unaobadilika, jirani zake hawaguswi. Pia tumeweka alama mahsusi ya kuonyesha thamani isiyokuwepo, maana psql kwa kawaida huichapa kama nafasi tupu na huwezi kuitofautisha na neno lisilo na herufi. Matatu tu yamebaki katika umbo la jedwali: stakabadhi ya mteja, taarifa ya ofisi ile inayohesabu nafasi, na taarifa ya mwezi ya mhasibu, ambaye aliniomba nisiiguse kwa sababu ameshazoea mahali macho yake yanapoangukia. Ule mstari wake wa shilingi ndogondogo bado upo kitabuni, ila tangu Februari iliyofuata amekuwa akiandika sifuri.